Pai ya Sikukuu na Suala la Jelatini



Ikaribiapo sikukuu ya Idi, katika nyumba nyingi za Buyenzi na za mitaa mingine ya Bujumbura husikika mazungumzo ya namna moja. Mama wa nyumba huhesabu mchele, nyama, viungo na tambi. Binti aliyesoma, au mkaza mwana aliyeingia nyumbani karibuni, huleta karatasi aliyonakili mapishi ya kigeni, akasema kwamba mwaka huu wageni wapewe kitu kipya baada ya pilau. Kitu hicho aghalabu ni pai ya Kimarekani ya zamani: kitako cha biskuti kilichojazwa povu la mayai na malai, laini kama pamba, lililoganda likakatika vipande bila ya kumwagika. Mama husoma karatasi mpaka afike kwenye neno moja, jelatini, na hapo mazungumzo husimama. Mmoja husema ni haramu, na maneno yamekwisha. Mwingine husema unga huo hauna rangi wala harufu, umetoka kiwandani katika pakiti safi; nguruwe yuko wapi? Kijiko kimoja cha unga kimewahi kuwanunisha watu kwa siku nyingi kuliko deni la kodi ya nyumba. Si ajabu, kwani nyuma ya kijiko hicho pana maswali mawili mazito: nani mwenye kauli katika jiko, na mgeni aliyekaribishwa kwa amani atalishwa nini.

Suala kama hili haliamuliwi kwa hasira. Yataka kwanza kijulikane kitu chenyewe.

Jelatini hutokana na ngozi, mifupa na mishipa migumu ya wanyama. Ndani ya viungo hivyo mna utomvu mgumu uitwao kolajeni, ndio unaoshikilia mwili usilegee. Ukichemshwa kwa muda mrefu, nyuzi zake hufumuka na kuyeyuka ndani ya maji. Maji yakipoa, nyuzi hushikana tena, na supu huganda ikatikisika. Kila aliyepika supu ya makongoro akaiacha usiku kucha ameiona jelatini kwa macho yake, ijapokuwa hakuiita kwa jina hilo. Basi kitu chenyewe si kigeni wala si kiovu kwa asili yake. Neno lote liko katika mnyama aliyetoa: alikuwa nani, na alichinjwa vipi. Na katika viwanda vya Ulaya ngozi ya nguruwe ndiyo inayotumika zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Zamani vyakula vya kugandishwa vilikuwa vya matajiri, kwa sababu mpishi alilazimika kuchemsha miguu ya ndama saa nyingi, kuchuja na kuengua mafuta. Mwaka 1845 Peter Cooper wa New York alipata hataza ya jelatini iliyokaushwa, iliyoweza kuwekwa kabatini. Mwaka 1890 Charles Knox, katika mji wa Johnstown, alianza kuiuza ikiwa chembechembe. Mwaka 1897 Pearle Wait wa mji wa LeRoy aliichanganya na sukari na ladha ya matunda, na mkewe May akaipa jina la Jell-O. Kisha mashine za kupoza vyakula zikaingia majumbani katika miaka ya 1920 na 1930, na kuanzia hapo jelatini ikatawala meza za Wamarekani. Kumpa mgeni kitu kilichoganda kwa baridi kulikuwa ni njia ya adabu ya kumjulisha kwamba nyumba hiyo ina friji.

Pai yenyewe ina habari ya kufurahisha. Yule asifiwaye kwa kuibuni pai ya povu ni Monroe Boston Strause, mwoka mikate wa Los Angeles, katika miaka ya 1920. Yasimuliwa kwamba mama yake alipoliona povu lile alilifananisha na kitambaa chepesi cha shifoni, na jina likabaki hilo hilo. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo mkaza mwana angelipaswa kumwonyesha mama mkwe wake mapema, ni kwamba Strause hakugandisha kwa jelatini. Alitumia uji mzito wa unga laini wa mahindi, akachanganya na povu la ute wa mayai. Jelatini iliingia baadaye, ilipoonekana kuwa ni rahisi na yenye kushika vizuri. Kwa hiyo anayeiondoa jelatini katika pai hii haharibu asili yake. Airudisha karibu na pale ilipoanzia.

Sasa hukumu. Uharamu wa nyama ya nguruwe umetajwa wazi katika Kurani, mathalan katika Suratul Maida, aya ya 3, na hapana Mwislamu anayebishana juu yake. Mabishano yako katika jambo ambalo wanavyuoni huliita istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kitu kingine kabisa, kama pombe inavyogeuka siki. Wako wanavyuoni, hasa wa madhehebu ya Hanafi, walioupanua mlango huo. Na mwaka 1995, katika mkutano wa wanavyuoni na madaktari uliofanyika Kuwait, ilionekana kwamba jelatini iliyogeuka namna hiyo ni tohara. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika ya Mashariki na miongoni mwa Waswahili wa bara hadi Maziwa Makuu, wameubana mlango huo sana, na unajisi wa nguruwe kwao hauondoki kwa kuchemshwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jedda, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilijibu kwamba haifai kwa Waislamu kutumia katika vyakula jelatini itokanayo na nguruwe, kwani ile ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisheria yatosha.

Hoja ya mwisho ina uzito wake hata jikoni. Dharura huhalalisha mengi, walakini pai ya sikukuu haijawa dharura kwa mtu yeyote. Na kwa kuwa kila msikilizaji aijua hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir juu ya mambo ya shubuha, hapana haja ya kuirefusha hapa. Yatosha kutaja kwamba maneno "jelatini ya ng'ombe" juu ya pakiti hayajibu swali lote, kwa sababu ng'ombe naye lazima awe amechinjwa ipasavyo. Jelatini ya halali yenye cheti ipo duniani, na ya samaki pia ipo. Mwenye kuipata na kumwamini aliyetoa cheti, aitumie. Kwa wengi iko mbali na ni ghali.

Pia haifai kuacha kutaja vitu viwili vingine vinavyojificha katika karatasi hizo za mapishi, ambavyo watu huvipita kwa kuwa macho yao yote yako kwenye jelatini. Kimoja ni shahamu ya nguruwe, ambayo kwa miaka mingi Wamarekani wameitumia kukandia unga wa kitako cha pai. Cha pili ni kileo. Pai zao za sikukuu, hasa ile ya maziwa na mayai ya wakati wa Krismasi, hutiwa ramu. Na vanila ya maji iuzwayo katika vichupa kwa kawaida imetengenezwa kwa spiriti. Anayefukuza jelatini mlangoni na kuiacha ramu ipite dirishani hakufanya kazi yoyote.

Badala yake ni nini? Jawabu limekuwa jikoni mwa Waswahili siku zote. Watu wa Unguja na Mombasa, na wale walioondoka huko wakafanya maskani Ujiji na Bujumbura, waijua faluda: maziwa yaliyotiwa sukari na iliki, yakagandishwa katika sinia, yakakatwa vipande vya pembe nne. Kinachoigandisha faluda ni agari, ile ambayo madukani huitwa chaina grasi, ikauzwa kwa nyuzi nyeupe zilizokauka au kwa unga. Agari hutoka katika mwani mwekundu wa baharini. Wajapani wameitumia tangu karne ya 17. Haina mnyama ndani yake.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwa ajili ya mama mmoja ambaye jina lake halijulikani kadiri linavyostahili. Fanny Hesse alizaliwa New York mwaka 1850, akaolewa na daktari wa Kijerumani, Walther Hesse. Mwaka 1881 mumewe alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, Berlin, akichunguza vijidudu. Vijidudu hivyo vilioteshwa juu ya jelatini, na jelatini ilimtesa sana daktari: siku za joto iliyeyuka, na baadhi ya vijidudu viliila ikawa maji, kazi ya siku nyingi ikapotea. Akamwuliza mkewe kwa nini vyakula vyake vya kugandisha havilegei katika joto. Bibi Fanny akamjibu kwamba yeye hutumia agari, jambo alilojifunza ujanani kwa jirani wa Kiholanzi aliyewahi kukaa Java. Tangu wakati huo maabara za dunia nzima huotesha vijidudu juu ya agari. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya mwaka 1882 juu ya kijidudu cha kifua kikuu, bila ya kumtaja Fanny wala mumewe. Hivyo ndivyo elimu ya jiko ilivyoingia hospitali, na mwenye elimu akabaki jikoni.

Habari hiyo yaonyesha sifa kubwa ya agari kwa mji wenye joto kama Bujumbura. Jelatini huyeyuka katika joto dogo kuliko la mwili wa binadamu; ndiyo maana huyeyuka kinywani kwa utamu, na ndiyo maana pia hugeuka mchuzi juu ya meza umeme unapokatika. Agari huganda ikiwa bado na uvuguvugu, kiasi cha digrii 35 hadi 40, bila ya friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu na digrii 85. Sifa nyingine: nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyoitafuna jelatini hata isigande kabisa, na wapishi wengi wamelia kwa ajili hiyo, agari havina nguvu juu yake. Katika nchi ya mananasi hilo si jambo dogo.

Walakini haitakuwa haki kusema kwamba agari ni jelatini iliyotawadha. Tabia zake ni mbali. Jelatini hunyumbuka, agari hukatika. Jelatini hupoa polepole na kumsubiri mpishi; agari haimngoji mtu, hushika ghafla, na ukiivuruga baada ya kushika yapasuka vipande vidogo visivyoungana tena. Karatasi za zamani humwambia mpishi auache mchanganyiko upoe mpaka uwe mzito kama ute wa yai, ndipo atie povu. Mwenye kutumia agari akifuata maneno hayo atapata pai yenye madonge, na lawama itaangukia agari bure. Povu lazima litiwe mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu.

Sasa mapishi yenyewe, kwa sahani moja ya pai yenye upana wa sentimita 23, itoshayo watu 8.

Biskuti za kawaida za chai, gramu 200, zisagwe kwa kinu au kwa chupa, zichanganywe na gramu 90 za siagi iliyoyeyushwa, zishindiliwe katika sahani chini na ukingoni. Siagi ikikosekana, samli nzuri yafaa, na harufu yake huelewana na iliki. Sahani iwekwe katika oveni ya moto wa wastani kwa dakika 10, kisha iachwe ipoe.

Mayai 4 yatengwe viini na ute. Viini vipigwe na gramu 100 za sukari na kijiko kimoja cha chai cha unga laini wa mahindi. Unga huo ni kumbukumbu ya Strause, na tena huipunguzia agari ugumu wake. Kikombe kimoja na robo cha maziwa yaliyopata moto kimiminiwe kidogo kidogo juu ya viini huku mkono ukikoroga; kisha vyote virudishwe juu ya moto mdogo, vikorogwe mpaka viwe vizito vya kushika mgongo wa mwiko. Visichemke kwa nguvu, mayai yasije yakakatika. Wakati huo huo, katika sufuria nyingine, kijiko kimoja na nusu cha chai cha unga wa agari kitiwe katika robo tatu ya kikombe cha maji baridi, kikorogwe, kichemshwe kwa dakika 4 au 5 mpaka punje zisionekane. Hapa ndipo wengi hukosea: agari iliyopata moto tu bila ya kuchemka haijayeyuka, na haitaganda. Anayetumia nyuzi badala ya unga azilowe kwanza nusu saa, na achemshe zaidi.

Agari ya moto imiminwe katika maziwa na mayai ya moto. Moto kwa moto, maana agari ikikutana na kitu baridi hushikana papo hapo. Hapo tia iliki iliyosagwa, kungumanga ya kukwaruza na kijiko kimoja cha maji ya waridi. Kungumanga ndiyo iliyokuwa ikinukia katika pai ya Wamarekani siku zote. Ramu ilikuwa ikiifunika tu. Mwenye zafarani aloweke nyuzi chache katika maziwa.

Yabaki ute. Mapishi ya zamani yalitumia ute mbichi, na siku hizi yajulikana kwamba yai bichi laweza kubeba vijidudu vya salmonela, hatari hasa kwa watoto, wazee na wajawazito, nao ndio wageni wa kwanza wa sikukuu. Basi ute uwekwe katika bakuli pamoja na gramu 100 za sukari, bakuli likae juu ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke, na upigwe bila ya kusita mpaka ufikie digrii 71 za kipimajoto. Kisha uondolewe, upigwe mpaka usimame kama vilele. Ukiwa bado na uvuguvugu, uingizwe katika mchanganyiko kwa mara tatu, kwa kuukunja taratibu kutoka chini kwenda juu, si kwa kuukoroga. Haraka inatakiwa hapa, lakini si papara. Vyote vimiminwe katika kitako cha biskuti, na katika muda wa nusu saa pai itakuwa imeshika. Ikipata baridi ya saa mbili itakuwa tamu zaidi.

Wapendao ladha ya matunda waweza kutumia maji ya matunda ya pasheni, ambayo hapa huitwa marakuja. Lakini uchungu wa tunda hulidhoofisha gando la agari likichemshwa nalo, na maziwa hukatika. Kwa hiyo viini vipikwe kwa maji badala ya maziwa, agari iongezwe nusu kijiko, na nusu kikombe cha marakuja kilichopashwa moto kidogo kitiwe mwisho, baada ya sufuria kuondolewa motoni.

Pai ya agari hutoa jasho ikikaa. Siku ya pili maji huonekana ukingoni na biskuti hulegea. Basi ipikwe usiku wa kuamkia Idi, si siku mbili kabla. Na asiyetarajia ladha ya jelatini hatasikitika: hii haiyeyuki ulimini, hutafunika kidogo kama faluda, na wazee waliokulia faluda huipenda zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Liko jambo la majirani. Mjini Bujumbura Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, na sahani huvuka ua katika Idi na katika Krismasi. Jirani aletapo keki au pai yenye shaka, mpokeaji ashukuru kwa uso mkunjufu na asimhoji mlangoni kama askari wa forodha. Akijua kwamba haiwezi kuliwa, asiile. Na baadaye, siku isiyo ya sikukuu, amweleze kwa upole, au bora zaidi, amwite jikoni wapike hii pamoja. Akina mama wengi wa Kikristo hawajui jelatini yatoka wapi, na wakielezwa hustaajabu kama wengine wote. Na yule aliyewahi kula zamani bila ya kujua hana haja ya kutishwa na mtu.

Ama katika nyumba, yafaa mama mkwe aonjeshwe kabla ya wageni, na aachiwe yeye kipimo cha iliki.

Kwa watu 24 vipimo vizidishwe mara tatu, na badala ya sahani za pai itumike sinia moja kubwa yenye ukingo. Lakini povu la mayai 12 lisipigwe kwa mara moja kwa mkono, kwani la kwanza litakuwa limeshuka kabla la mwisho halijasimama. Ligawanywe kwa mafungu mawili na wapishi wawili, na agari iwekwe juu ya mvuke isije ikashika ikingoja. Sinia ikishaganda yaweza kuchukuliwa mpaka uwanja wa msikiti mchana wa jua, ikafunikwa kawa, ikakatwa huko kwa kisu kilicholowekwa katika maji ya moto.